Pikapu Imekaa Getini kwa Wakwe

Wewe uko wapi? Mimi niko sebuleni kwa wakwe. Nimekaa.

Mpango ulikuwa nimpakie mke wangu na makabati yake kwenye tela, turudi nyumbani kabla hakijaitishwa kikao. Si unajua alivyorudi kwao kwa sababu ya pikapu niliyoishusha ikawa inalamba lami. Kila tuta ilibidi ashuke, nivuke peke yangu.

Basi nikaifungia nyuma mipira ya upepo ya kuinyanyua, ili ihimili tela. Fundi akaniambia mrija wa upepo usiguse ekzosi. Nikamwambia najua.

Nafika getini, mrija umeyeyuka. Nyuma ikashuka taratibu, psss, bampa ikalalia kizingiti. Haiendi mbele, hairudi nyuma.

Baba mkwe akatoka na kikombe chake. Akaitazama pikapu. Akanitazama mimi. Akaitazama pikapu tena.

"Gari lako lina adabu," akasema. "Limefika, limekaa chini. Wewe una haraka gani?"

Lina adabu. Gari.

Sasa mashangazi wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja anaizunguka pikapu pale getini. Mke wangu kaleta kiti, kakiweka mbele yangu, kakaa.

"Umetulia?"

Nikasema nimetulia.

"Haya. Tuanze na hilo gari."