Upinde wa Mvua na Shimo la Kaiekieki

Jumapili, 14 Januari 2018

Daftari langu, hujambo? Umelalaje humo sandukuni na joto hili? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio unaochemka.

Leo baada ya ibada tulikaa kwenye maneaba, ukumbi wetu wa kijiji, kuzungumzia bamvua. Mwezi utakuwa mpevu tarehe thelathini na moja, na redio inasema maji yatapanda kuliko mwaka jana. Mwaka jana yaliingia na chumvi yake kwenye mashimo tunamopanda magimbi. Yangu yaligeuka manjano, wiki mbili yakaoza. Upande wetu limebaki shimo moja tu lenye maji matamu, la wifi yangu Kaiekieki, mjane. Magimbi yale aliyapanda bintiye alipozaliwa, yaje kuchimbwa siku ya harusi yake. Vijana wakasema wajaze mchanga kwenye magunia wazungushie. Magunia yapo ghalani. Mchanga upo!

Mzee Baraniko, mkubwa wa wazee wetu, akasimama na Biblia. Akasoma pale Mungu anapomwahidi Nuhu kwamba gharika haitaangamiza dunia tena, na alama yake ni upinde wa mvua. Akafunga kitabu — pa!

"Nani hapa anamwita Mungu mwongo? Anyooshe mkono."

Nani atanyoosha? Akasema kila gunia litakalojazwa limejazwa kutoamini. Wazee wakaitikia. Kwisha.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mume wangu Tekaai, kama mke anavyokaa. Siruhusiwi kusema. Nikamfinya mgongoni aseme yeye.

Akajikuna!

Jumatatu, 15 Januari

Nimemkuta Kaiekieki shimoni, magoti kwenye tope, anayawekea magimbi majani makavu ya mbolea kama siku zote.

"Wifi, kwani jana hukusikia?"

"Nilisikia. Lakini haya yana njaa."

Nimerudi nyumbani nikavunja sahani. Si kwa makusudi. Au labda.

Alhamisi, 18 Januari

Darasa la Mwalimu Teretia. Alikuja kutoka Tarawa, kisiwa chetu kikuu, mwezi wa kumi na moja kutufundisha wanawake kusoma Biblia. Nilidhani kusoma najua! Darasa la sita nilimaliza, na mistari nimeibeba kichwani miaka arobaini. Yeye anasema: kabla hujauliza mstari unakwambia nini wewe, uliza aliyeambiwa ni nani, kulitokea nini kabla yake, na baada yake kukaendaje.

Leo nikamwambia la Mzee Baraniko. Akasema tu, "Rotia, tusomee habari za Nuhu. Anzia mwanzo."

Nikaanzia sura ya sita. Jamani! Kabla ya huo upinde kuna safina nzima! Mungu alimwambia maji yanakuja, akamwambia tengeneza, naye akatengeneza. Hakukaa kwenye mkeka akitazama mawingu! Na ile ahadi yenyewe ni kwamba viumbe vyote havitafutwa tena duniani. Sikuona popote palipoandikwa kwamba chumvi haitaingia shimoni kwa Kaiekieki. Nimerudia mara tatu. Hapapo.

Miaka yote hii tunasomewa mwisho wa hadithi, tunaitikia amina. Nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Jumamosi, 20 Januari

Nimemtuma Tekaai kwa Mzee Baraniko, wakati wanaume wanapokaa na tembo lao la jioni. Nilimkaririsha kama mtoto: "Mzee, Nuhu alijenga kwanza."

Karudi. "Anasema nikwambie hivi: Nuhu aliambiwa na Mungu. Wewe umeambiwa na redio."

Wenzake, eti, walicheka wakapiga mapaja. Na Tekaai naye, naona mdomo unamcheza. Nikamwambia leo atajikaangia samaki mwenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lile si la kijinga.

Jumapili, 21 Januari

Jana nilipekua Biblia hadi taa ikaisha mafuta. Nikapata! Mstari wa manabii wanaosema amani, na amani hakuna. Nikaunakili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, Tekaai akamsomee mzee mbele ya watu. Nikampelekea kwanza Mwalimu Teretia auone, nikitegemea sifa.

Akausoma. "Hawa waliambiwa nini, na nani?"

Nikaigeuza karatasi.

"Kabla yake pana nini?"

Sijui! Sikutazama!

"Basi, mama, umefanya lilelile. Yeye kaokota jiwe la kukurushia, nawe umeokota lako."

Nimeondoka bila kuaga. Mtoto mdogo kama yule — umri wa binti yangu! Anamtetea nani? Karatasi nimewashia moto wa chai. Chai yenyewe sikuinywa.

Jumatano, 24 Januari

Nimesoma tena, polepole, bila kutafuta jiwe. Hadi pale Nuhu anapanda mizabibu na kulewa — hapo hakuna anayetusomea kanisani.

Asubuhi nilimwona Mzee Baraniko ufukweni. Bamvua la mwaka jana lilibomoa kaburi la mama yake. Kila siku anaokota mawe ya matumbawe, anayapanga upya, maji yanayatawanya. Peke yake. Nikaelewa kwa nini ameushika ule upinde kwa mikono miwili. Akiuachia, ashike nini?

Nimemwonea huruma. Kweli. Lakini hofu ni yake, shimo ni la Kaiekieki! Kwa nini hofu ya mzee mmoja ilipiwe na mjane?

Kwa mwalimu nimepita nikamwomba radhi. Akanipa papai.

Jumapili, 28 Januari

Siamini ninachoandika. Tekaai amesema! Kwenye maneaba, mbele ya wote:

"Wazee wangu, naomba tusome habari za Nuhu tangu mwanzo. Si mwisho peke yake."

Mzee mmoja akadakia, "Ee Tekaai, unasemeshwa na mkeo!"

"Nasemeshwa, ndiyo. Ninyi mnalishwa na wake zenu, kuna aliyekufa?"

Wanawake tulicheka mpaka tukafunika nyuso. Mzee Baraniko hakucheka. Akasimama na kitabu chake. "Nitasoma mwenyewe, kwangu. Sisomewi na mwanamke." Akatoka. Na ufunguo wa ghala la magunia uko kiunoni kwake.

Jumatatu, 29 Januari

Tangu asubuhi Mzee Baraniko yuko barazani kwake, ng'ambo ya njia, Biblia mapajani. Kidole kinatembea, midomo inacheza. Nimefagia sehemu moja mara nne ili nimwone.

Maji yamefika kwenye mizizi ya minazi ya mbele. Kaiekieki ameanza peke yake, anabeba mchanga kwa karai, anaumwaga ukingoni, unaporomoka, anarudi. Nimemsaidia mpaka mgongo ukakataa. Bila magunia ni kazi bure.

Mchana Mzee Baraniko akaniita. "Nei Rotia!" Nei, yaani Bibi! Miaka mingapi hajanitaja jina!

"Abee, mzee."

"Huyo mwalimu wenu amewaambia dhiraa ni kiasi gani?"

"Kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole."

Akautazama mkono wake. Akaukunjua, akaupima kwenye ubao aliokalia. Mara moja. Mara mbili.

"Urefu wa safina, mia tatu?"

"Mia tatu, mzee."

"Na wana watatu tu wa kumsaidia."

"Watatu."

Akainama tena kitabuni. Nilitaka kusema — nikauma ulimi. Tekaai akanivuta kanga, "Mwache asome."

Sasa jua linashuka na bado anasoma. Amefungua ukurasa, ameurudia. Ufunguo haujatoka kiunoni.

Bwana, wewe ndiye unayesoma haya juu ya bega langu. Sikuombi unihakikishie kwamba nina haki kuliko yeye. Maji ni keshokutwa. Tafadhali, nijibu mapema.