Jaketi au Bawa

3 Februari

Kwa binti yangu, Mama mdogo,

Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na mama yako. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu tu.

Jaketi langu la kuzamia limepasuka kwenye mshono, nikilijaza hewa linatoa mapovu kila upande. Mtunza stoo ana mawili mapya: moja ni jaketi kama la zamani, jingine wanaliita bawa, mfuko wa hewa unaokaa mgongoni peke yake. Mwenzangu Ndevu anasema nikivaa bawa nitafanana na kobe aliyebeba mto. Maelezo yameandikwa kwa Kiingereza, nimeyatia humu ndani ya bahasha. Wewe ndiye msomi wetu. Nichagulie.

Baba yako

11 Februari

Shikamoo Baba,

Hatujambo. Mguu wa mama umepona na anakusalimu sana.

Nimeyasoma maelezo na mwalimu wa fizikia, kamusi ikiwa pembeni. Jaketi hujaa hewa mbavuni na mabegani. Ukiibuka linakusimamisha, kichwa nje ya maji, hata kama huna nguvu. Bawa hujaa mgongoni tu. Chini ya maji unalala vizuri na kifua kinakuwa huru, lakini ukiibuka linakusukuma mbele, na aliyezimia anaweza kulala kifudifudi.

Kwa hiyo nina swali moja, nimelipigia mstari: kile kizunguzungu kilichokuangusha bafuni ulipokuja likizo, kimekwisha?

Binti yako mtiifu

19 Februari

Mama mdogo,

Mimi ni mzima wa afya kama kawaida, hofu ni juu yenu. Mwalimu wako msalimie, mwambie nina deni lake la soda.

Kazi yangu unaijua: nalala chini ya meli saa nzima nikikwangua magamba. Jaketi linanibana mbavu kama shangazi yako akikumbatia. Mtunza stoo anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Usiandike insha, andika neno moja.

Baba

26 Februari

Shikamoo Baba,

Nimefurahi kusikia u mzima. Basi hoja ya kuzimia imeanguka, na zilizobaki zote zinaunga mkono upande mmoja. Mwalimu amezikagua na amekubali. Neno lenyewe ni: bawa.

Samahani, maneno yamezidi moja.

Binti yako

14 Aprili

Mama mdogo,

Salamu nyingi.

Bawa ni zuri kweli, chini ya meli ni kama niko kitandani. Lakini Jumanne niliibuka, nikalijaza hewa, na baada ya hapo sikumbuki kitu. Ndevu anasema alinikuta kifudifudi, mdomo wazi majini. Mwanzo alidhani natazama samaki. Ndiye aliyenigeuza.

Kizunguzungu hakijawahi kwisha. Ndevu ameahidi kunyamaza, nawe nyamaza. Msimamizi akijua, sitazamia tena, na kazi nyingine siijui. Jaketi wamekwisha kumpa mtu mwingine. Kosa si lako. Jumatatu narudi majini.

Baba

18 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma mara tatu, nimejifungia chooni shuleni. Nilimchagulia mtu mzima wa afya, na mtu huyo hakuwepo.

Leo nimetuma barua mbili kwa haraka: hii, na nyingine kwa msimamizi wako. Nimemweleza yote, kuanzia bafuni. Nimeandika kwa adabu kama nilivyofundishwa, mpaka mkono ukaniuma. Nisamehe.

Binti yako

9 Juni

Nimeondolewa. Miaka kumi na tisa. Nilirudisha bawa stoo, mtunza stoo akalipokea bila kuniangalia usoni. Ndevu naye wamemsimamisha kwa kunifichia, ana watoto wanne. Daktari anasema ni moyo. Nashinda chumbani nikitazama ukuta. Kwa nini hukunyamaza? Nyumbani nitarudi nikiwa nani? Usiniandikie.

17 Juni

Shikamoo Baba,

Nimekuasi tena.

Mama sasa anajua. Ananiwekea chakula mezani bila kuniita. Nimemwandikia Ndevu kumwomba radhi, hajajibu, na nikiwafikiria wale watoto wanne kalamu inanitoka mkononi.

Barua yako haikuwa na salamu. Hukusema u mzima, wala hofu ni juu yetu. Nimeisoma yote bila kupata mahali pa kupigia mstari. Ni barua yako ya kwanza niliyoiamini.

Nami nikujibu hivyo hivyo. Mimi si mzima, Baba. Darasani sisikii kinachosemwa. Nikifumba macho nakuona majini, kifudifudi, na mgongoni una lile nililokuchagulia.

Unauliza utarudi ukiwa nani. Kitanda chako tumekisogeza karibu na dirisha, na bafuni fundi amefunga chuma cha kushikilia.

Njoo ukiwa mgonjwa.

Mama mdogo