Meza ya Tuyo

Mpendwa Tiya Salud, shangazi yetu sote wasomaji wa gazeti, naomba msaada wako maana siku hizi hata wali haunishuki kooni. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika mji wetu huu wa mabwawa ya samaki, na darasa langu, Tiya, lina watoto wa kila namna, wako wanaomaliza hadithi nzima kabla sijakaa, wako wanaosoma kwa kuburuta, na wako ambao bado herufi zinawapiga chenga, na miaka yote nimewafundisha wote somo moja kwa mwendo mmoja, wepesi wanasinzia na wazito wanapotea, basi mwaka huu nikasema liwalo na liwe, nikawagawa meza tatu, kila meza na kazi ya kiwango chake katika masomo yote, na ili nisimwite mtoto yeyote mzito nikazipa meza majina ya samaki, Bangus, Tilapia na Tuyo, nikaona nimepatia, maana samaki ni samaki tu.

Kumbe nilijidanganya. Hapa kwetu nani asiyejua kwamba bangus ndiye wa kumwekea mgeni mezani, na tuyo ni kile kisamaki kikavu cha chumvi unachokula na wali siku ambayo mfuko umetoboka? Haikupita wiki watoto wakawa wanaziba pua wakipita meza ya Tuyo. Na meza hiyo ndiyo niliyomkalisha Liwayway, mtoto wangu wa ubatizo, ambaye mama yake, kumare wangu Rosenda, anauza samaki sokoni. Mtoto aliniuliza kwa upole kabisa, “Mwalimu, tuyo si ndiyo ya bei ya chini?” nami nikamwambia aendelee na kazi yake, Mungu anisamehe, kwa sababu kazi ilikuwa inaendelea kweli, alikuwa ameanza kuunganisha silabi.

Siku ya mkutano wa wazazi Rosenda akaona jina la mwanawe ukutani, chini ya picha ya tuyo niliyoichora kwa mkono wangu. Wazazi wengine walicheka, naye akacheka nao, halafu akanisogelea akasema polepole, “Kumare, kama mwanangu ni tuyo, basi mahali pake ni kwenye meza yangu ya sokoni.” Tangu hapo Liwayway haji shule, amevalishwa aproni anauza samaki na mama yake. Mwalimu mkuu anataka nivunje meza nirudi kwenye somo moja kwa wote, na nikivunja, wazito watapotea tena, nisipovunja, nampoteza mtoto niliyempakata kwenye maji ya ubatizo. Nifanye nini, Tiya?

Ni mimi, Mwalimu Asiye na Raha

*

Mwalimu, kwanza nikupe pole, halafu nikuseme.

Kuwagawa hukukosea. Vidole vya mkono havilingani, na ukiwalisha watoto wote kwa kijiko kimoja, mmoja atabaki na njaa na mwingine atapaliwa. Mwambie mwalimu mkuu, kwa adabu, kwamba meza hazivunjwi. Lakini wewe mwanamke, umezaliwa katikati ya mabwawa ya bangus, ukamweka mtoto wa muuza samaki kwenye tuyo ukitegemea hatajua bei? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; hawakusema umkaushe. Tena mtoto alikuuliza swali la kweli, ukamrudisha kwenye silabi. Hapo ndipo ulipomkosea, kabla hata ya picha.

Na kuna kosa kubwa kuliko jina. Mtoto akishakaa Tuyo, hatoki. Kusoma Tuyo, hesabu Tuyo, kuchora Tuyo. Nani alikwambia anayeburuta kusoma anaburuta kila kitu? Binti huyo amekulia kwenye mizani ya mama yake, na sitashangaa kama kwenye hesabu anawapita hao Bangus wako. Badilisha meza kwa kila kazi. Saa ya kusoma akae na wa silabi, saa ya hesabu akae na wepesi, na kila baada ya muda mpime tena umsogeze. Hadithi iwe moja, mmoja aisome, mwingine aisimulie kwa mdomo, mwingine aichore, mradi wote waijue. Majina ya samaki futa yote. Waache watoto wajichagulie majina wenyewe.

Sasa Rosenda. Alicheka mbele ya watu kwa sababu asingeweza kulia mbele ya watu, unatujua sisi. Kwa hiyo usimtumie ujumbe kwa simu, wala usimpelekee keki ya bibingka nyumbani kumpoza. Bandua ile picha kwanza. Halafu nenda sokoni asubuhi, wanunuzi wakiwa wamejaa, maana ulimwaibisha hadharani. Mwambie kwa sauti ambayo majirani wa meza wataisikia, “Kumare, nilikosea. Namtaka Liwayway darasani kwangu.”

Atajifanya hakusikii. Atakuuliza unataka kilo ngapi. Usinunue kitu. Simama hapo hapo mpaka mtoto avue aproni.