Mkwe Wangu Yumo Majini

Kakamega Mjini,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa dada yangu mpendwa Jescah,

Pokea salamu zangu za upendo, nikitumaini zitakukuta mzima na ule mgongo umekupa nafuu. Shemeji Lazarus naye hajambo? Miwa yenu imekatwa, au bado inangoja malori? Huku sisi tu wazima. Tena mimi ni mzima kuliko ulivyoniona Krismasi, nilipokuwa nikishuka ngazi za kanisa kinyumenyume huku nimeshikiliwa na watu.

Najua unashangaa kupokea barua badala ya simu. Dada, simu yako unaiweka sauti ya juu, na haya ninayotaka kukuambia si ya kusikilizwa na soko zima la Shianda. Huenda umeshapata fununu. Basi yasikie yote, na uyasikie kwangu.

Mwanzoni mwa mwaka daktari alinikalisha akaniambia presha yangu imepanda, sukari iko mlangoni, na magoti yamechoka kunibeba. Nikamwambia nitaanza kutembea kila siku. Akaniuliza, kwa magoti gani? Akasema niende nikaogelee, kwa sababu maji yatanibeba, magoti yapumzike huku moyo ukifanya kazi. Nilicheka sana. Mwalimu mstaafu, nyanya wa watu, niingie kwenye bwawa la hoteli! Lakini nilipofika nyumbani nikashindwa kuinuka kwenye kochi bila kushika meza, kicheko kikaisha.

Kocha wetu anaitwa Kemunto, msichana wa Kisii, mwembamba, asiyejua kubembeleza mtu. Darasa lake ni la watu wazima tu, asubuhi mapema kabla wageni wa hoteli hawajaamka. Alitufundisha kutoa pumzi uso ukiwa ndani ya maji, kisha kugeuza kichwa na kuvuta nyingine. Teke litoke kwenye nyonga, si kwenye goti. Nilikunywa maji ya lile bwawa mpaka nikayazoea. Akatuambia pia obusuma, huo ugali wetu, uwe kiasi cha ngumi, mboga ijaze sahani, na chai ya sukari tuiage. Hapo nilitaka kuacha, maana unanijua mimi na chai. Siku hizi nainywa bila sukari na bado sijaipenda.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Majini sote huvaa kofia ya mpira na miwani, kwa hiyo sura hazijulikani. Kando yangu kulikuwa na mwanamume mwenye kitambi, anayerusha maji kwa mateke mpaka yanatuingia masikioni. Nikamwambia apunguze. Akaomba radhi kwa adabu, akasema mama wa kofia ya manjano anaelea vizuri, yeye anazama tu. Tukawa tunataniana hivyo kwa majuma kadhaa. Asubuhi moja nikavua miwani niipanguse, naye akavua yake. Dada, alikuwa Andati. Andati wa Tracy wangu!

Utauliza kwa nini sikuijua sauti yake. Ningeijulia wapi? Wewe mwenyewe ndiye uliyemkalisha siku ya mahari ukamfundisha heshima ya nyumba yetu: asile mbele yangu, asinishike mkono, tukikutana njiani kila mtu ashike upande wake. Naye ameshika kila neno. Tangu amwoe Tracy hajawahi kunisemesha, salamu zake huja kupitia kwa mkewe. Na sasa yuko mbele yangu kifua wazi, nami nimevaa nguo inayonibana kila mahali! Maskini alifanya heshima pekee aliyoiweza. Alizama. Akakaa chini kabisa, akingoja mimi niondoke, nami kwa aibu sikuweza kusogeza hata kidole. Ni Kemunto aliyemvuta kwa ule mti mrefu wa kuokolea, akatoka akikohoa huku uso ameuelekeza ukutani.

Nilirudi nyumbani nimeamua kuacha. Jioni Tracy akanipigia, akasema Andati naye ameamua kuacha ili mimi niendelee, na yeye Tracy hajui amlilie nani, mama au mume, maana sukari ya Andati ilikuwa mbaya kuliko yangu. Niliogopa, dada, sitakuficha. Nilijua nikiacha narudi kwenye lile kochi, kisha mkongojo, kisha kitanda. Kemunto alipokuja kuniona hakucheka. Alisema kwao Kisii heshima ya wakwe wanaijua sana, na bwawa lina mistari ya kutosha. Akaniweka mstari wa mwisho upande huu, Andati wa mwisho upande ule. Tukiogelea hatuonani.

Shida ikawa kutoka. Ngazi ni moja tu. Mimi siwezi kuipanda na nguo ile Andati akiwepo, naye hawezi kuipanda mimi nikiwepo. Basi mimi namngoja yeye, yeye ananingoja mimi, na maji ya asubuhi ya Kakamega unayajua baridi yake, huwezi kusimama tuli ndani yake. Tukawa tunaogelea. Wenzetu wametoka, wamevaa, wamekunywa uji, sisi bado tunakwenda na kurudi, kila mmoja akimheshimu mwenzake, mpaka mmoja achoke kabisa atoke, na mwingine ageuze uso. Miezi ikapita hivyo. Kitambi cha Andati kikaisha. Daktari wangu alinipima presha, akanipima tena akidhani mashine imeharibika. Kemunto akatangaza kwamba darasa zima halina watu wenye pumzi kama sisi wawili.

Ndipo akatuweka kwenye timu moja ya mbio za kupokezana, dhidi ya wageni wa Eldoret. Kila mtu anakwenda na kurudi, akigusa ukuta mwenzake anaondoka. Andati awe wa tatu, mimi nimalizie. Nikakataa katakata. Je, akigusa ukuta mkono wake ukaangukia wangu? Tracy akasema Mama Mkubwa, yaani wewe, akisikia ataitisha kikao, na atakayelaumiwa ni Andati. Lakini nilitaka mbio zile, dada, nilizitaka kama msichana. Tukakubaliana kupitia kwa Tracy: mimi nishike ukuta pembe hii, yeye aguse pembe ile.

Jumamosi iliyopita watu walijaa pale hotelini, mchungaji wetu akiwa kiti cha mbele. Wawili wetu wa kwanza waliachwa mbali. Andati akaingia, akala ile nafasi kidogo kidogo, akagusa ukuta kwenye pembe yake kama tulivyopanga. Kiplagat wa Eldoret, mwanamume wa mabega mapana, alikuwa ameshaondoka. Sikumtazama. Nilitoa pumzi, nikageuka, nikavuta, nikatoa. Tulipogeuka ukutani nikamsikia anahema, na mimi sikuwa nimeanza hata kuchoka. Mtu aliyezoea kungoja mkwe wake atoke majini hawezi kuchoshwa na safari moja! Nilimpita, nikagusa ukuta, nikasikia Kakamega wanapiga vigelegele. Mimi, Selpher!

Haya, sasa keti vizuri.

Ngazi ilikuwa mbali, nami bado nimeshika ukuta. Nikaona mkono umeletwa juu yangu, umezungushiwa taulo hadi kwenye kiwiko ili ngozi isiguse ngozi. Mwenye mkono alikuwa ametazama kando, kuelekea jikoni. Akasema, kwa sauti ndogo, "Mama, umewamaliza." Ndiyo mara yake ya kwanza kuniita hivyo akijua ni mimi. Mimi, dada, nililitoa lile taulo. Nikaushika mkono wake mtupu, nikapanda, na nilipofika juu nikamkumbatia nikiwa nimelowa vile vile, mbele ya mchungaji na watu wote. Yeye alisimama wima mikono chini, amefumba macho, machozi yanamtoka. Hakunigusa. Andika hilo moyoni: aliyevunja heshima ni mimi.

Kikao ukitaka kiitishe. Mbuzi wa faini nimeshamnunua, nitakuja naye mwenyewe hadi kwako, na asitozwe kijana yule hata kuku. Lakini wakiniuliza kama najuta, usinisaidie kujibu. Kwa miaka hii yote nilikuwa na mtoto wa kiume nisiyemjua sauti.

Nisalimie shemeji, wajukuu, na wote wanaoniulizia hapo nyumbani. Mungu awatunze mpaka nifike.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Selpher Awinja