Kikombe cha Shemeji

Dada mpenzi,

Sote wazima, ila mhariri wangu wa gazeti bado mkali. "Acha kumkodolea macho anayesema," aliniambia. "Mtazame anayesikiliza."

Basi jana kwenye mchezo wa kuigiza nikamtazama mumeo jukwaani akiwasikiliza wenzake. Kikombe kikamponyoka mkono wa kushoto. Alipotaka kukiokota, mkono ukagoma, na mdomo ukapinda kidogo. Ukumbi mzima makofi! Jirani yangu akasema, "Huyu mzee anajua kuigiza!"

Mchezo huo nimeshauona mara mbili. Kikombe hakianguki.

Nyuma ya jukwaa akanicheka: "Andika utakavyo, shemeji, ila dada yako asijue."

Gazetini nimemsifu sana. Usimsomee kabla hujamfikisha hospitali.

Mdogo wako, anayejifunza kutazama