Mwanafunzi wa Mume Wangu

Kayanga, Jumamosi. Ramadhani, 1991.

Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka saa nne, kisha jua likatoka kali utadhani lilikuwa linasubiri zamu yake. Kesho wenzetu wana Pasaka. Sokoni leo watu walikuwa wanagombania nyama na mchele, nasi tuliofunga tukapita pembeni tukimeza mate. Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Maharage ya futari yako motoni, mume wangu ametoka, na nimekaa nyuma ya nyumba na daftari hili kwa sababu kuna jambo nataka kuliandika kabla hajarudi.

Mimi ni mtu wa wivu. Nianze hapo.

Si wivu wa mume. Jirani yangu Mama Koku ameshanitania mara mbili kuhusu huyo mwanamke anayekuja kwangu kila Jumamosi na kitabu kifuani. Nilicheka naye. Laiti ungekuwa wivu huo, ningejua pa kuushika. Huyo mwanamke, Leokadia, ana mume wake, fundi baiskeli wa pale stendi, Muislamu, na kwa ajili yake ndiyo akasilimu. Ana mtoto wa miezi mitano, Hawa. Wala hana macho ya kutazama wanaume wa watu. Wivu wangu ni wa kitu kingine na naona haya kukitaja hata humu.

Anajua kusoma msahafu na mimi sijui.

Basi, nimeshaandika. Mimi, mke wa mwalimu wa madrasa.

Mume wangu alianzisha darasa la watu wapya katika dini kabla Ramadhani haijaingia. Wanafunzi ni watatu: Mzee Yusufu, mkulima wa kahawa aliyesilimu na mvi zake kichwani, kijana mmoja dereva ambaye bado hajaamua, anataka tu kujua, na Leokadia, mzaliwa wa Igurwa, Mkatoliki tangu tumboni. Wanaume hukaa mbele, Leokadia nyuma karibu na mlango, na mimi kwenye mkeka pembeni yake ili asiwe mwanamke peke yake.

Anawafundisha kutoka mwanzo kabisa. Nguzo tano, Mtume kuhama Makka kwenda Madina, udhu, kwa nini hapa kwetu tunasali tukielekea kaskazini na kuegemea mashariki kidogo. Anawasimulia dini ilivyofika Karagwe na wafanyabiashara wa pwani waliofuata pembe za ndovu na kupiga kambi Kafuro enzi za wafalme. Hapo mimi huinua kidevu. Kwetu Mabira tunasema babu wa babu yangu alikuja na misafara ile. Leokadia kasilimu juzi tu, lakini mimi Uislamu wangu una zaidi ya miaka mia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisemea nikiwa nimekaa kwenye mkeka wangu.

Maswali yao ni ya nyumbani. Mzee Yusufu aliuliza kama maji ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi yanafaa kunywewa jioni. Mume wangu akamwambia yanafaa yakiwa bado maji, lakini yakishaanza kuchachuka na kulevya, amwagie migomba. Mzee akatikisa kichwa, akasema kwa heshima. "Waitu mwalimu, basi migomba yangu itakuwa na raha kuliko mimi." Tulicheka wote.

Leokadia yeye aliuliza habari ya senene, wale panzi tunaowakaanga. Kama kila nyama lazima ichinjwe, senene anachinjwa wapi? Nimekula senene tangu nimeota meno, sijawahi kujiuliza. Mume wangu alifurahi mpaka akasimama. Akaeleza kwamba nzige na jamii yake ni halali bila kuchinjwa, kisha akawaambia wale wanaume, "Hilo ndilo swali la mwanafunzi."

Miaka mitatu ya ndoa, hajawahi kuniambia hivyo. Na atanisifia swali gani? Sijawahi kumuuliza lolote, kwa kuogopa atagundua.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa vita vya Kagera nilikuwa na miaka tisa na nimefika herufi ya tano tu ya Kiarabu. Vita vilipoanza mwalimu wetu alirudi kwao, hakuonekana tena, na chuo chetu cha Kurani kikageuzwa ghala la mahindi. Tangu hapo dini nimeijua kwa masikio. Sala ninazijua, sura fupi ninazijua, mama alizisoma nikazishika. Kiswahili ninasoma hata gazeti. Lakini mume wangu alipokuja kuposa, baba alimwambia, "Huyu amesoma." Nami sikukanusha. Miaka mitatu nimekuwa nikishika juzuu, nachezesha midomo, nafunua ukurasa ninapokisia muda umetosha. Mume wangu akiingia akanikuta hivyo, hunyata asinisumbue.

Anavyonyata ndivyo ninavyoumia.

Sasa akaja huyu wa Igurwa. Kabla hata ya mwandamo wa Ramadhani alikuwa anaunganisha herufi. Siku aliyosoma Alhamdu yote kwa kufuata kitabu, kidole chake kikitembea, sauti ya Kinyambo chetu ndani ya Kiarabu, mume wangu alisema mashallah mara tatu. Nilihesabu. Na darasa lilipokwisha, akanijia mimi na juzuu.

"Shikamoo mama mwalimu. Nisomee hapa nisikie matamshi yako, wewe uliyezaliwa nayo."

Nilimwambia macho yananiuma.

Kesho yake alikuja na majani ya kuoshea macho, ameyachuma mwenyewe kibanjani, chini ya migomba yake. Akakaa kitako kusubiri nione kama yanafaa. Nikaosha, nifanyeje? Yaliniwasha kutwa nzima, na yeye akaondoka ameridhika kwamba dawa inafanya kazi. Nilimchukia siku ile. Naandika neno lenyewe: nilimchukia.

Sasa dhambi yangu.

Siku chache kabla ya mfungo, mume wangu aliniomba nimfundishe Leokadia yale mambo ambayo mwanamume haoni vizuri kuyasema. Siku za hedhi, uzazi, mjamzito, anayenyonyesha. Haya nayajua vizuri, hayahitaji herufi. Mama alinifundisha yote. Nilimweleza habari ya hedhi, hafungi wala hasali, siku za kufunga atazilipa baadaye. Akasikiliza kwa umakini wake ule unaoniudhi. Kisha akauliza, "Na mimi ninayenyonyesha?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Akihofia mwili wake au maziwa ya mtoto, ana ruhusa ya kula, atafunga siku nyingine. Mtoto mdogo wa chuo analijua. Lakini nilimtazama, kitabu chake kifuani, nikamwambia, "Mwanamke mwenye imani haachi saumu kwa kitu kidogo."

Nilitaka ashindwe. Nilitaka siku ya tatu aje aniambie ameshindwa, nami nimhurumie kidogo, nimpe ruhusa kama vile natoa sadaka. Sikumtakia mabaya mtoto. Mtoto sikumfikiria kabisa, na hilo ndilo baya lenyewe.

Hakushindwa. Amefunga siku zote.

Wiki iliyopita niliona uso wake umepungua na nikanyamaza. Nilisikia Hawa analia darasani, kilio chembamba, nikanyamaza. Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi kusema. Leo baada ya darasa alikwenda kutia udhu kwa ajili ya alasiri. Niliona birika likimponyoka, halafu yeye mwenyewe akaenda chini kwenye tope, mtoto mgongoni. Niliruka. Mtoto hakuumia, alhamdulillahi. Leokadia alifumbua macho, midomo imekauka kabisa.

Mume wangu akaja mbio, akasimama hatua tatu kutoka tulipokuwa. "Kwani umefunga? Unanyonyesha na umefunga?" Kisha akanigeukia mimi. "Zaituni, hukumwambia?"

Kabla sijafungua mdomo, Leokadia akajibu kutoka pale chini. "Aliniambia, mwalimu. Ni mimi mwenyewe nilitaka."

Mume wangu alipumua. Akamwambia ni ruhusa ya Mungu, aichukue, akale. Akaniomba nimpeleke kwake. Njiani nilimbeba Hawa, yeye akaniegemea bega.

Wivu ulinipanda hata wakati ule, na nguo zake zina tope. Nilijiambia, hata kusitiri watu anajua kuliko mimi.

Kwake nilikoroga uji wa mtama, nikatia sukari yake yote iliyokuwa kwenye kopo. Mume wake alikuwa bado stendi. Nikampa bakuli. Akalisukuma.

"Jua limebaki kidogo tu. Nitamaliza ya leo."

"Mwalimu amekuambia ule."

"Mwalimu amesema ruhusa, hajasema lazima. Wewe uliniambia mwenye imani haachi kwa kitu kidogo."

Neno langu lenyewe, amelibeba siku zote hizi. Nilidhani alinisitiri kwa sababu ameshatambua nilimdanganya. Hapana. Aliona ruhusa ni ya wenye imani ndogo, na neno langu ndilo la kweli. Alikuwa amenisitiri huku bado ananiamini.

Basi nikasema. Nikasema nilijua ana ruhusa tangu siku ile aliponiuliza, na kwamba nilimficha makusudi. Akauliza kwa nini. Nikasema nilimwonea wivu. Nikasema na kusoma sijui, macho yangu hayana ugonjwa wowote.

Nilitegemea atasema yamekwisha, maana nimezoea kumwona mpole. Hakusema yamekwisha.

"Mtoto wangu amelia siku zote hizi," akasema. "Usiku natembea naye ndani ya nyumba. Mume wangu akasema tumpe maziwa ya ng'ombe, nikakataa, nikasema Mungu ananipima. Kumbe ni wewe."

Nililia. Yeye hakulia. Alichukua bakuli, akanywa uji taratibu mpaka chini, mbele yangu mimi niliyefunga, akajipangusa mdomo.

"Unanionea wivu mimi?" akasema. "Mawe, mama wee! Kesho ni Pasaka. Kwetu Igurwa watakaa wote, watakula, na jina langu halitatajwa. Mama yangu hajanipokea salamu tangu nilipobadili dini. Nikimpa shikamoo ananipa mgongo. Wewe hata usiposali mwezi mzima, utaitwa Muislamu wa Kafuro. Mimi nikikosea neno moja tu, watasema kumbe alifuata mwanamume. Ndiyo maana nasoma hivyo. Ulidhani nasoma kwa raha?"

Nilikuwa nimekaa pembeni yake kwenye mkeka Jumamosi zote hizo nikihesabu mashallah zake, na sikuwahi hata kumuuliza nyumbani kwao wanasemaje.

Nilimuuliza mbona basi alinisitiri mbele ya mwalimu. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi.

"Ningesema hukuniambia, mwalimu angekuondoa. Mambo ya wanawake nitafundishwa na nani? Hapa sina mwanamke mwingine."

Akamweka Hawa kifuani. Mtoto alihangaika kidogo, akaacha, akarudia tena. Sote wawili tukatega sikio. Baadaye kidogo tukasikia anameza.

Nilipoinuka kuondoka, Leokadia hakunisindikiza mpaka mlangoni kama desturi yake. Alisema akiwa amekaa, bila kunitazama, "Mama mwalimu, leo nimesema uongo kwa mwalimu wangu nikiwa nimefunga. Nimesema kwa ajili yako. Uufute wewe."

Nimerudi nyumbani nikiwa na maneno hayo. Nimechagua maharage, nimechanja kuni ambazo hazikuhitaji kuchanjwa. Nimejaribu kuupamba uongo wangu upungue ubaya, nimwambie mume wangu kwamba nilisahau, kwamba nilichanganya mambo. Anaweza kuamini. Hajawahi kunishuku kwa lolote, maskini.

Akijua moja atajua yote. Atajua kwa nini nilimwonea Leokadia wivu, atajua habari za juzuu, atakumbuka kila siku aliyonyata. Labda hataniacha. Lakini lile jicho lake la heshima, ambalo nimelilinda miaka mitatu kwa midomo inayocheza bure, litaondoka leo, na sijui litarudi lini.

Na nikinyamaza, Jumamosi ijayo nitakaa kwenye mkeka ule ule pembeni ya Leokadia, naye atakuwa anajua.

Nimesikia kengele ya baiskeli ya mume wangu kule barabarani, anasalimiana na Mama Koku. Adhana ya magharibi bado. Nitamwambia sasa hivi, hapa hapa jikoni, tukiwa wote na njaa. Nikishashiba sitasema. Najijua.