Gesi ya Nyumba Mbili

Gatongora, Ruiru
Agosti 1996

Dada yangu Mwanaisha,

Assalamu alaikum. Hujambo, na watoto je? Mguu wa Baba umepona? Mimi ni mzima, ila nanuka samadi, na sababu utaijua sasa hivi.

Uliniuliza kuhusu kazi. Nyumba nilizokuwa nikijenga kule Kimbo zimeisha, siku hizi najenga mashimo ya gesi. Usicheke. Mavi ya ng'ombe yanakorogwa na maji, yanafungiwa shimoni chini ya pipa la chuma, na baada ya wiki tatu hewa yake inapita kwenye bomba hadi jikoni, inawaka. Nilifundishwa na fundi mmoja wa Thika.

La kwanza nililijenga hapa ninapopanga. Mwenye nyumba, Mama Zaituni, ana kifua kibovu, na daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea na moshi wa kuni hatafika mbali. Ng'ombe wake mmoja hakutosha. Jirani, Mama Wanjiku, ana wawili. Wakapatana: shimo moja, mabomba mawili, kila mtu jikoni kwake. Likawaka vizuri.

Baadaye moto ukalegea. Mama Wanjiku, kwa roho safi kabisa, akaleta mikokoteni miwili ya samadi kutoka kwa dada yake anayekaa Mwiki, akaitia yote shimoni. Kisha akaja kwetu akicheka: ni ya nguruwe, iko na nguvu kushinda ya ng'ombe!

Mama Zaituni akafunga bomba.

"Si ni nyama tu hamkulangi?" Mama Wanjiku akauliza. "Ngai! Kwani inaenda mpaka kwa chakula?"

"Sikulaumu, mama. Lakini mimi hiyo siwezi kupikia."

Wengine msikitini walimwambia moto ni moto tu. Hakutaka kusikia. Akarudi kwenye kuni, nami nikawa namsikia kupitia ukuta akikohoa. Kusema kweli niliogopa.

Kwa Mama Wanjiku gesi iliwaka sawasawa, angeweza kunyamaza. Badala yake alinituma nifungue shimo, likae wazi siku mbili lipumue. Jumamosi akaja na wanawake wanne wa kanisa lake, ndoo na gambuti. Wakachota mpaka tope la mwisho, wakamwaga kwenye shamba lake la majani ya ng'ombe. Kisha wakaosha kuta mara saba, moja kwa udongo, kama Mama Zaituni alivyoomba. Kwenye ya nne mmoja akanung'unika, kwani si kuta zimetakata tayari?

"Wewe leta maji," Mama Wanjiku akamwambia. "Imebaki tatu."

Tukajaza upya samadi ya ng'ombe tu, na kwa wiki tatu nyumba zote mbili zilipikia kuni. Sasa moto umerudi. Mama Zaituni hajapona, sitakudanganya, lakini analala. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Desemba nikija nitakuchimbia shimo kama hili, maana najua unavyotoka jikoni macho mekundu. Tatizo ni kwamba na wewe una ng'ombe mmoja.

Nisalimie Baba, shangazi yetu wa sokoni, na shemeji yangu, mumeo. Wifi yako Halima, mke wa kaka, ana ng'ombe wawili, na najua tangu ule ugomvi wa mpaka hamsemezani. Huyo simtumii salamu. Mpelekee wewe, kwa mdomo wako.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi